Shimo Letu la Moramu

Septemba 17, Jumapili

Diari hii nilipewa na muuza matairi wa Kahama tangu Januari. Imekaa kabatini miezi minane bila hata herufi moja. Leo nimeitoa kwa hasira, maana nimekosa wa kumwambia.

Ni hivi. Emilian, mwenyekiti wetu wa kijiji, amekuja pale ninapooshea malori, akasimama ukingoni mwa shimo, mikono nyuma kama anakagua gwaride, akasema lazima lifukiwe kabla mvua za vuli hazijakolea. Lifukiwe! Shimo hilo walilichimba wakandarasi wa barabara, wakabeba moramu yao, ule udongo wa kutandika barabara, wakaondoka, mvua ikalijaza maji. Miaka minane sasa vijana wangu kumi wanayatumia kuoshea semitrela zinazokwenda mpakani Rusumo, na mimi Biubwa, mjane wa Halfani, nimesomesha mtoto kwa maji hayo hayo. Nikamuuliza, "Mwenyekiti, utalifukia na nini, na mate?" Matiasi, msimamizi wa vijana, alicheka mpaka brashi ikamdondoka. Emilian hakucheka. Alisema mbu wanazaliana humo na watu wanaugua malaria. Malaria! Kana kwamba imeingia hapa Lusahunga na mimi.

Septemba 21

Mimba ya Raya imetimiza miezi minne, alhamdulillahi. Raya ni mke wa Taufiki, mwanangu wa pekee. Wameoana mwaka wa tatu huu na hii ndiyo mimba ya kwanza. Kila nikimwona anashika kiuno moyo wangu unacheka wenyewe. Nilishakata tamaa ya kuitwa bibi.

Ni binti wa watu wa Ngara mjini, mpole kupita kiasi. Ukimtuma atasema "ndiyo, mama" hata kabla hujamaliza. Wakati mwingine upole huo unaniudhi, naona kama uvivu uliovaa kanga. Leo karudi kliniki na vidonge na chandarua kipya. Happy, muuguzi wa zahanati, kamsisitiza alale ndani yake kila siku.

Binti aliyekuwa anapokea malipo kibandani pale shimoni ameolewa. Nimemweka Raya. Kukaa tu na kupokea pesa, si kazi ya kumchosha mtu. Malori mengi huingia kuanzia saa kumi jioni mpaka saa mbili.

Septemba 29

Mvua ya kwanza. Vumbi la barabara limelala, nimepumua.

Oktoba 4

Mashine ya kuvuta maji imeziba tena, mara ya tatu wiki hii. Matope, majani, na vyura wadogo wadogo. Malori yamepanga foleni, madereva wanapiga honi, mmoja wa Kigali kanitolea maneno ya Kinyarwanda ambayo nashukuru sikuyaelewa. Matiasi ni Msubi wa Nyamigogo, na l na r kwake ni ndugu. Kaja mbio: "Mama, rori ziko saba na mashine imekufa!" Anataka chujio la dukani, na mpaka ulifuate Biharamulo mjini siku imekwisha.

Nikakumbuka chandarua kipya cha Raya, kimo kwenye mfuko wake hata hakijafunguliwa. Matundu yake madogo, nailoni imara. Tukakizungusha mara nne kwenye mdomo wa mpira, tukafunga na waya. Maji yakaja safi, mashine ikanguruma vizuri. Matiasi kaniita injinia.

Raya nimemwambia wanacho kile cha zamani, kinatosha. "Ndiyo, mama."

Oktoba 14, Jumamosi

Leo nimeshinda, acha niandike vizuri.

Mkutano wa kijiji ulijaa mpaka nje ya ofisi. Emilian alikuja na glasi ya maji ya shimo, akaizungusha watu waione. Ndani kulikuwa na viluwiluwi vya mbu, vinapinda na kunyooka. Akasema zahanati imepima watu wengi mwezi huu kuliko mwezi uliopita, na mvua ndiyo kwanza zinaanza. Redio inasema mwaka huu ni El Nino. Nikasimama. Nikasema, "Mwenyekiti, hao uliowaleta umewafuga kwako au umewaazima?" Watu wakaangua kicheko. Nikasema shimo lile kulifukia haiwezekani, na vijana kumi wanakula kwalo, na wale kumi wana wake na wazazi. Nikasema madereva wakikosa pa kuosha hawatasimama Lusahunga, na wasiposimama nani atanunua chai, nani atanunua ndizi? Kila mtu mwenye meza barabarani aliitikia kwa kichwa.

Kisha akasimama Scholastika, mama lishe wa karibu na maegesho. Ana sauti ndogo, ilibidi watu wanyamaze. Alisema mwanawe ameugua mara tatu tangu Julai. Kila homa ni siku nne hapiki, na siku akirudi wateja wake wameshahamia kwa mwingine. "Hayo maji yanawalisha watu kumi," akasema, "sisi wengine yanatula."

Nikaona mkutano unaniponyoka. Nikamjibu, "Scholastika, mwanao anaugua kwa sababu unamlaza kwenye moshi wa jiko lako, usimsingizie mbu." Wakacheka tena. Yeye akakaa.

Mikono iliponyooshwa nilipata wengi. Niliagiza soda kreti mbili. Scholastika hakuchukua.

Oktoba 23

Mvua kutwa. Malori sita.

Oktoba 30

Mvua. Shimo limepanua mdomo, limekula njia ya miguu ya kwenda shuleni. Vijana wameweka ubao.

Novemba 6

Vijana watatu hawakuja, wana homa. Nimewaambia saba waliobaki wagawane kazi. Mmoja ameosha lori zima anatetemeka, nikamwambia aende nyumbani, akasema akienda watakula nini. Nikampa pesa ya dawa mseto. Mungu anajua sina moyo wa jiwe.

Duka la dawa pale njia panda limeongeza meza ya pili. Huo ndio mtaji unaokua hapa kwetu msimu huu.

Novemba 9

Taufiki kapimwa, ana malaria. Alikuwa apeleke gari la mahindi Mwanza, safari kapewa dereva mwingine. Amelala anavuja jasho na kunung'unika kuhusu ile safari. Raya anamkanda na kitambaa, mchana yuko kwa mume, jioni yuko kibandani. Simsikii akilalamika. Nimeanza kuona ule niliouita uvivu ni kitu kingine, ila sijui nikiite nini.

Novemba 15

Mwalimu wa darasa la tatu kapita hapa akienda dukani kununua sukari. Anasema leo kati ya watoto sitini na wanane wamekuja thelathini na tisa. "Wengine ni mvua," nikamwambia. Akasema, "Ndiyo, Mama Taufiki, mvua." Lakini hakuniangalia.

Novemba 20, Jumatatu

Leo ilikuwa siku ya kliniki ya Raya, siku ya vidonge vyake vya kuzuia malaria. Mpakani Rusumo kulikuwa na msongamano, malori yamelala hapa tangu jana, zaidi ya ishirini yanataka kuoshwa. Sijapata siku kama hii mwaka mzima. Nikamwambia, "Mwanangu, kliniki haihami, nenda wiki ijayo." Akasimama kidogo na kadi mkononi. Ni mara ya kwanza nimemwona anasita. Kisha akasema ndiyo mama, akairudisha kadi ndani, akaja kibandani.

Tumefunga saa tatu. Pesa nzuri.

Novemba 27

Vijana watano tu. Madereva wanapita moja kwa moja, wanasema Lusahunga siku hizi foleni ndefu na waoshaji wachache. Mmoja kaniambia mwenzake amerudi kwao Burundi na homa aliyoipata hapa, basi tajiri wao kawakataza kulala Lusahunga. Nilimkatalia kwa maneno mengi. Alipoondoka nilikaa nikatazama maji. Nilishayazoea kuyaona kama mali, leo nimeyaona kijani na mazito. Sikupenda nilivyojisikia, nikaenda kuhesabu sabuni.

Desemba 2

Raya anaumwa kichwa na anasikia baridi. Nimemwambia ni mimba, miezi saba hivi mwili unalemewa. Nimemchemshia tangawizi.

Desemba 4, Jumatatu

Nataka kuandika yote.

Asubuhi Raya alianguka uani akitoka kuanika kanga. Nilimkuta amelala ubavu, macho wazi, ananiita "mama" lakini si mimi anayemwona. Mwili unaunguza. Taufiki kambeba mpaka zahanati, mimi nyuma na viatu mkononi. Happy alimtoboa kidole, akatazama kipimo, akavuta kope la jicho. Jeupe. Akasema, "Malaria kali, na damu imeshuka sana. Mpelekeni Biharamulo sasa hivi." Kisha akafungua kadi ya kliniki. "Mwezi uliopita hakuja. Kwa nini?"

Taufiki akamwangalia Raya. Mimi nikaangalia sakafu.

Happy akauliza, "Na chandarua nilichompa anakitumia?"

Ningeweza kudanganya. Nilifungua kinywa kudanganya, wallahi, uongo ulikuwa tayari. Nikasema, "Kiko kwenye mashine ya maji." Hakuelewa, ikabidi nieleze. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyosikia upumbavu wangu kwa masikio yangu mwenyewe. Taufiki alinitazama mara moja tu. Ni mtoto niliyemzaa, na hajawahi kunitazama vile.

Nilirudi nyumbani mbio kuchukua kanga na sufuria. Chumbani kwao nikainua macho kwenye kile chandarua cha zamani nilichosema kinatosha. Kimejaa vifundo. Raya alikuwa anafunga kila tundu kwa uzi wa kushonea, moja moja, bluu, nyekundu, uzi wowote uliokuwepo. Sijui alivifunga lini, hakunionyesha. Nilikaa kitandani kwao nikalia kwa sauti kubwa, mpaka Matiasi akaja mlangoni kuuliza kuna nini.

Nimemwambia afunge kazi. Akauliza leo tu? Nikamwambia sijui.

Desemba 7

Hospitali, Biharamulo. Wamemchoma sindano, wamemwongeza damu chupa moja. Wa kwanza kujitolea damu alikuwa Taufiki, wakamkatalia kwa kuwa naye ana masalia ya homa. Damu yangu haikufaa, presha. Aliyetoa ni Scholastika.

Sikumwita. Alikuja na uji, kasikia barabarani. Amepanda gari kilomita zote hizo, ameacha meza yake na mwanawe kwa jirani. Nilipomwona nilitaka sakafu ipasuke. Nikasema, "Scholastika, yale niliyokwambia mkutanoni..." Akasema, "Shikilia huu uji, Mama Taufiki, unamwagika." Akaenda kutoa damu.

Desemba 10

Homa imeshuka. Raya kaniuliza malori yalikuwa mangapi leo. Nikamwambia hakuna malori. Akashangaa, kama vile nimemwambia barabara imehama.

Desemba 14, Alhamisi

Uchungu umemshika kabla ya wakati. Saa nane mchana kajifungua mtoto wa kike, kilo moja na robo. Raya mwenyewe kanikabidhi nimwadhinie sikioni kwa kuwa Taufiki alikuwa nje ananunua dawa. Muuguzi akasema hapana, arudi kifuani kwa mama haraka, apate joto. Ngozi kwa ngozi, wamefungwa pamoja kwa kitenge. Ana nywele nyingi! Nywele za Halfani kabisa.

Yarabi, mwache. Nichukue chochote kingine.

Desemba 16

Anameza maziwa kwa kijiko, matone. Nimejifunza kukaa kimya.

Desemba 17

Taufiki kauza pikipiki yake. Nimemwambia nitauza mimi mashine ya maji. Akasema, "Uza, mama. Ulitakiwa uiuze zamani." Alisema bila ukali, na hiyo ndiyo iliyoniuma.

Desemba 18

Amefungua macho. Raya kacheka, kicheko cha kwanza tangu Novemba. Kaniambia, "Mama, namwita Zawadi." Nilikuwa na jina langu nimelihifadhi miaka mitatu. Nikamwambia Zawadi ni jina zuri. Siku ya saba ni Jumatano, nimeshamwambia Taufiki tutafanya akika kidogo tu, hapa hapa mjini kwa binamu yangu.

Desemba 19, Jumanne

Saa tisa alasiri alisahau kupumua. Wamejaribu kila kitu, nilikuwepo, nimeona. Daktari kijana alitoka akijifuta uso kwa mkono wa koti.

Desemba 20

Nimemwosha mimi. Raya hakuweza kusimama, na mama yake hakuwa amefika kutoka Ngara. Kikombe kimoja cha maji kilitosha. Nilitaka mkono wa mtu mwingine, mkono msafi kuliko wangu, lakini mimi ndiye bibi.

Tumemzika saa saba. Mvua ilinyesha.

Desemba 28

Sina la kuandika.

Januari 3

Nimekwenda kwa Emilian. Nilifunga kanga vizuri, nikajiandaa kusikia yote ninayostahili. Nilimkuta analima nyuma ya nyumba. Nikasema, "Mwenyekiti, nataka kulifukia shimo." Aliweka jembe chini. Hakusema, "Nilikwambia." Alisema, "Pole, Mama Taufiki. Pole sana. Mimi nilishindwa kuwaeleza watu vizuri siku ile." Yaani analibeba yeye! Nikamwambia alieleza vizuri kabisa, glasi ile kila mtu aliiona, mimi niliwachekesha watu ili wasiione.

Fedha ya mashine niliyouza imelipia tipa za kifusi. Vijana wa kijiji watakuja na majembe Jumamosi.

Januari 6, Jumamosi

Limefukiwa. Kazi ya siku moja na nusu, tipa zilianza kumwaga jana. Mkutanoni nilisema ni jambo lisilowezekana, na watu waliniamini kwa sababu mimi nina kinywa.

Matiasi hakushika jembe. Alikaa kwenye tairi akitazama tipa zinamwaga. Nikamfuata. Akasema, "Mama, mimi naelewa. Mtoto amekufa, naelewa. Lakini sisi kumi tutakula nini?" Nimempa mipira na brashi zote, kama atapata maji ya bomba mahali. Hakuna maji ya bomba, anajua na mimi najua. Kesho anarudi Nyamigogo kulima na baba yake. Ameniaga kwa heshima, "Shikamoo, mama," ingawa tulishaamkiana asubuhi. Nilimharibia kazi yake kwa kuchelewa. Kama ningelikubali Septemba, kiangazi kile kile, tungekaa sote tukafikiria kisima. Pesa niliyopeleka hospitali ingechimba kisima.

Januari 12

Mama yake Raya yupo, amelala naye chumbani. Ananisalimia vizuri. Ningefurahi kama angenitukana.

Januari 19, Ijumaa

Leo Happy amekuja na fomu. Wilaya inataka kujua homa za msimu huu zimewagharimu watu kiasi gani, basi anapita nyumba kwa nyumba. Tulikaa barazani, mimi na yeye na Taufiki. Raya alikuwa ndani anakunja nguo.

Nilijibu kila kitu, kumbukumbu ya pesa sijapungukiwa. Nauli, dawa, kitanda, safari ya Mwanza iliyopotea, pikipiki, malori yaliyopita bila kusimama. Akaandika ukurasa ukajaa. Nilipoona jumla yake nilikumbuka ile siku ya malori ishirini. Jumla hii ingezimeza siku kama ile kumi na bado isishibe.

Kisha akauliza, "Nyumba hii mmeugua wangapi?"

Nikasema, "Wawili. Taufiki na Raya."

Sauti ikatoka ndani. Raya hakupandisha sauti, hajawahi. "Watatu, mama. Mwandikishe na Zawadi."

Happy akainamisha kichwa, akaandika jina. Akauliza umri. Raya akaja mpaka mlangoni, akasimama ameshika pazia. "Siku sita," akasema. Ananitazama mimi, si Happy. Nikaona kitu ambacho miaka mitatu nilikuwa nakipita bila kukiona: mtoto huyu alikuwa na neno la kusema kila alipojibu ndiyo mama, na mimi sikuwahi kunyamaza akalisema.

Nikamwambia Happy, "Mbele ya jina hilo andika na aliyesababisha."

Happy akaigeuza fomu huku na huku. Akasema kwa upole, "Hakuna sehemu hiyo, Mama Taufiki."

Basi naandika hapa. Ni mimi, Biubwa binti Khalidi.